Mafaili Yanayoanza na Nukta

Jumapili, Ipyana. Mvua tangu alfajiri, ile ya kwetu isiyojua kuchoka. Mpunga umelala majini, nami sijatia kitu mdomoni tangu jana.

Nimeharibu. Naanza hapo hapo, nisije nikazunguka.

Nafundisha kompyuta mjini Kyela. Kila kundi jipya nalihubiria neno lilelile: hifadhi nakala kabla hujagusa kitu. Mganga hajigangi, na mimi ndiye huyo mganga.

Nyumbani tuna kompyuta ya mtumba niliyoiwekea mfumo wa Linux. Anayeitumia zaidi ni baba mkwe wangu. Macho yake yanakwenda, mwaka wa tatu huu, na daktari alishamwambia ajiandae. Anaandika makaburi ya ukoo: nani kalala wapi, kwenye migomba ya nani. Mafuriko yameshafukia alama, na anayezijua amebaki yeye peke yake. Upande wa wajomba zake, kule Katumba Songwe, bado hajaugusa.

Sasa, wewe unayesoma na si wa kwetu: mkamwana hamsemeshi baba mkwe wake, wala hamtazami usoni, wala hakai naye chumba kimoja. Wengi wameshaacha. Kwenye nyumba hii bado. Nimeolewa miaka kumi na moja na sijawahi kumwambia neno.

Lakini tulikuwa tunaongea.

Yeye sebuleni mbele ya kompyuta, mimi jikoni nyuma ya ukuta, alikuwa anaulalamikia ukuta: "Leo herufi zimekonda hizi." Akitoka kwenda shambani naingia, nazinenepesha. "Mshale huu unanikimbia jamani." Naukuza, naupaka njano. Nyuma weusi, mbele njano, na alama moja tu kubwa ya kufungulia maandishi yake, kwenye kona ya juu kushoto, mahali mkono wake ulipozoea. Asubuhi yake nasikia, "Ndaga fijo." Ahsante sana, kwa Kinyakyusa, anaiambia hewa. Mimi nasonga ugali huku nacheka peke yangu.

Miaka miwili ya hivyo. Sikuandika popote ni ukubwa gani wala ni njano ipi. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inakumbuka.

Alhamisi diski ya kompyuta ikaanza kugonga, dalili kwamba inakufa. Mume wangu, Ambakisye, akaleta nyingine kutoka Mbeya. Ijumaa nikachagua kila kitu kwenye folda ya mzee, nikakopi kwenye flashi, nikahakikisha maandishi yake yote yamo. Nikafunga diski mpya, nikaweka Linux upya, nikarudisha maandishi. Mzee alikuwa ameshaingia uani anarudi, kwa hiyo nikatoka sebuleni bila kukagua. Ile diski ya zamani haikuwaka tena.

Mafaili ya mipangilio, yale yanayotunza ukubwa wa herufi na rangi, huanza na nukta. Na faili likianza na nukta halionekani mpaka uombe kuonyeshwa.

Sikuomba. Mimi, mwalimu!

Jana asubuhi akakaa mbele ya herufi ndogo kama sisimizi, kwenye weupe unaochoma. Nilisikia tu: kiti, kimya kirefu, kisha kiti tena.

"Basi," akasema. "Yameisha."

Hakuzilalamikia herufi. Aliyalaumu macho yake. Akaenda kujilaza, uji hakuugusa.

Nikamweleza Ambakisye kila kitu, naye akaenda kumwambia baba yake kwamba ni kosa la mkewe, kasahau mipangilio. Akarudi na jibu: "Mwambie mkeo ana moyo mzuri, ila asiisingizie mashine. Siku hii nilijua inakuja."

Nimesema kweli, ikapokelewa kama huruma. Nililia, nani wa kumficha.

Leo wote wamekwenda kanisani, mzee amebaki amelala chumbani kwake. Nimekaa kwenye kiti chake nikijenga upya kwa kukisia. Njano hii? Hapana, ile ilikuwa na wekundu kidogo. Ukubwa huu? Sijui. Nilikuwa naongeza kidogo kidogo kila alipoguna, nani angehesabu?

Nilipomaliza nikaizima, nikarudi nyuma ya ukuta, nikafanya jambo ambalo mama yangu angenizabia kofi. Nikapaza sauti.

"Baba, kosa ni langu. Macho yako hayana kosa. Njoo ujaribu."

Mvua tu juu ya bati. Kisha nikasikia fimbo yake sakafuni. Kiti. Kidole kikabonyeza swichi.

"Ndaga fijo," akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Sasa naona vizuri, mwanangu."

Nikachungulia. Mungu anisamehe, nilichungulia. Kioo kilikuwa bado cheusi, mashine haijamaliza kuwaka. Alinishukuru kabla ya kutokea hata herufi moja.

Jioni hii nimehifadhi nakala ya vyote, vyenye nukta na visivyo na nukta, mara mbili. Kesho akitoka nitaingia niongeze herufi tena.

Ila nani sasa ataniambia kwamba bado zimekonda?