Samli ya Mama Chini ya Lori

Baba Nawal,

Wali uko kwenye sufuria. Ni mkavu, kwa sababu samli imekwisha, na imeishia wapi unajua. Asubuhi nimewakuta paka watatu wa jirani chini ya lori lako, wamelala chali, wanalamba springi.

Najua chumvi wanayomwaga kwenye theluji huko Chicago unakopeleka mizigo inakula chuma. Lakini hapa Houston grisi imekosekana? Samli yenye iliki, aliyoibeba mama yako kutoka Pemba, ndiyo ya kupaka chasisi?

~~Leo ulale humo humo ndani ya lori.~~ Ukiamka, lioshe kwa maji moto.

Mama yako atapiga simu saa nane. Ameuliza samli inatufaaje. Nimemwambia utamwonyesha mwenyewe kwa video.

Mama Nawal