Mafuta ya Upako kwenye Gari

Jumamosi usiku

Kumbe ni kifuniko cha tenki la mafuta tu! Tangu jana nitoke Kongwa kumwonyesha mama gari niliyonunua kwa mtu, taa ya cheki injini inawaka, na mimi roho juu, nikijua nimeuziwa mkweche.

Leo fundi kapima kwa mashine, kisha akakagua kifuniko. Kimelegea, kinateleza kwa mafuta ya upako. Nikamkumbuka mama akiizunguka gari na kichupa chake, akiomba. Fundi akakikaza, akaizima ile taa kwa mashine yake.

Jioni mama kapiga. "Mwanangu, ile taa uliyosema?"

"Imezima, mama."

"Unaona? Niliipaka mpaka kwenye tenki."

"Asante, mama."

Nikienda tena nitamwacha apake. Kifuniko nitakikaza nikishapita kona.