Masufuria ya Harusi Kwenye Gari la Wagonjwa

Mji Mkongwe, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Dada Asha alinieleza kwamba mvua zimewachelewesha kupanda huko Tabora, nami nikawa kama nakuona ukizunguka uani umekosa raha. Sisi huku ni wazima wa mwili. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kilio, na nataka uyapate yote.

Tulipomzika mjukuu wako, nilikwambia tu kwamba mkwe wako Mwanakhamis alichelewa kufika hospitali. Sababu sikukwambia. Alikuwa amekwenda kwao Makunduchi kujifungulia kwa mama yake. Uchungu ukakaza, mtoto hatoki, mkunga wa kituo akapiga simu hospitali yetu ya mjini kuomba gari la wagonjwa. Ndilo ninaloendesha mimi. Saa ile lilikuwa limejaa makochi ya mkubwa wetu, daktari mkuu, nayapeleka nyumbani kwake Mbweni kwa amri yake. Simu aliipokea yeye. Akamjibu mkunga, "Gari bovu." Mimi natokwa jasho na makochi yake, sijui lolote. Mwanakhamis akaletwa mjini na gari la kubebea mwani. Alipona yeye peke yake.

Mkunga mwenyewe ndiye aliyekuja kunieleza, siku ya arobaini. Tangu hapo, Mama, nilikuwa namwamkia yule mkubwa kila asubuhi huku namvizia.

Jumapili iliyopita alikuwa anamwoza binti yake. Pilau lilipikwa huku mjini, wageni wamealikwa Mbweni, wakubwa watupu. Akaniamuru nilibebe kwa gari la wagonjwa, kwa kuwa askari wa barabarani hawalisimamishi. Wapishi wakayapanga masufuria na beseni la kachumbari pale pale anapolazwa mgonjwa.

Sijafika njia ya Mbweni, simu ikalia. Mkunga yule yule.

"Mrisho, gari zima leo? N'na mama hapa, damu haisimami."

"Zima," nikamwambia. "Naja."

Nikawasha king'ora, nikageuza kuelekea Makunduchi. Haukupita muda, mkubwa akapiga.

"Uko wapi wewe? Watu wamekaa mikekani, washanawa mikono!"

"Gari bovu, bosi."

Nikakata. Sijawahi kusema neno tamu kama lile.

Kituoni tuliyashusha masufuria barazani ili mgonjwa apate pa kulala. Mkunga akauliza pilau lile la nani. "La wagonjwa na waliokuja kuwatazama," nikamjibu. "Wapakulie." Yule mama tulimfikisha mjini, gari zima linanuka bizari, wakampasua, akapona na mtoto wake. Nilipomsikia yule mtoto akilia nilifurahi, kisha nikajifungia chooni.

Asubuhi yake mkubwa alinikuta getini, manesi wote wapo.

"Umenifedhehesha mbele ya watu!"

Nikapaza sauti. "Mwanangu ulimuua kwa makochi. Wewe nimekunyima pilau tu."

Mkubwa akanipita, akaingia ndani. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimamishwa kazi, lakini habari ya makochi ilikuwa imeshazunguka wodi zote, na jioni ilikuwa sokoni.

Juzi alinitumia wazee wawili. Niombe radhi, nitarudishwa. Niliwapa kahawa, nikawaambia aje mwenyewe, amtazame Mwanakhamis usoni, amweleze siku ile gari lilikuwa na ubovu gani. Hajaja. Nami nitaliuliza hilo kila nitakapomkuta, msikitini, mazikoni, popote.

Mwanakhamis alikuwa haongei tangu msiba, ni naam na hapana tu. Nilipomsimulia habari ya pilau akauliza, "Hata kachumbari hawajapata?"

"Hata kachumbari."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu kicheko kikageuka kilio, nikakaa naye hadi kikaisha.

Nisalimie mjomba mfuga nyuki, dada Asha na mumewe fundi baiskeli, na shangazi aliyenilea ulipokuwa unaumwa. Najua ukimaliza kusoma utataka nisamehe. Niombee kazi nyingine, Mama. Moyo niachie kama ulivyo.

Mwanao akupendaye,
Mrisho