Bustani tuliyoipigia makofi

Hasina uko? Wacha kila kitu usome hii. Bustani ya Kibomet imeenda. NA TUMEIPIGIA MAKOFI.

Leo chuo kiliita mkutano hapo kwa nyasi, ati kusikiza wananchi. Hashim, mwenyekiti wetu, ndiye alishika maiki. Akasema, "Kabla tuanze, wageni wetu wa chuo tuwapigie makofi ya kilo." Si unajua vile sisi hufanya kila mkutano? Tukapiga.

Profesa mmoja wa chuo akasimama akitabasamu. "Asanteni. Wananchi wamekubali hosteli za wanafunzi zijengwe hapa."

Ati wamekubali!! Hakuna mtu alikuwa ameongea bado! Hakuna!

Nikamwangalia Hashim. Anakunja waya ya maiki, ati ako bize.

Hashim huyu huyu bana! Unakumbuka mwaka wa tisini na mbili, D.O., yule afisa wa serikali, alipokuja kugawa hiyo bustani, akaomba makofi? Si ni Hashim alituambia tukunje mikono? Kibomet yote kimya, mpaka D.O. akarudi kwa Land Rover yake. Huyo mtu anajua kazi ya makofi kuliko sisi wote.

Nikamfuata nikamwambia yeye ni nyoka. Unajua alinijibu nini? "Jerono, hata wewe ulipiga. Nilikuona."

Na nilipiga, Hasina. Nilipiga kwa nguvu.

Kesho asubuhi wanaleta nguzo za ua. Mimi nitakuwa nimekaa pale wanataka kuchimba. Kuja. Na mtu yeyote akisema tusalimie wageni kwa makofi, kunja mikono.