Saa Tatu ya Nyasura

Kitaji, Musoma
14 Machi 1999

Dada yangu Mwanaupe,

Nakusalimu wewe na wote hapo nyumbani Ujiji. Natumaini goti limepoa na unatembea bila mkongojo. Mimi mwili ni mzima, ila nina jambo zito moyoni, na miaka thelathini na miwili ya Musoma haijanipa mtu mwingine wa kumweleza.

Jumamosi ya tarehe sita nilipiga video ya harusi Nyasura, kule Bunda, kwa mzee Wambura. Asubuhi walikuwa wanamfunga ng'ombe wa kuchinja. Masatu, mjomba wa bibi harusi, akashika kamba, akaniita mzee wa Ujiji, akasema nimpige ng'ombe picha vizuri, maana ndiye mwalikwa pekee ambaye hatarudi kwake. Tukacheka.

Saa hiyohiyo, saa tatu, huku Musoma, pale Mwigobero, mtu aliiba injini ya boti na kumpasua mlinzi kichwa. Masatu aliwahi kugombana na mlinzi huyo, basi wakamkamata. Alilia kwamba yeye alikuwaga Nyasura tangu Ijumaa. Ndugu zake wakasema hivyohivyo, wakaambiwa ndugu si mashahidi. Ikabaki kanda yangu.

Mpelelezi alipokuja aliniuliza kama saa ya kamera ni sahihi. Nikajibu ni sahihi kabisa, nikatia saini kwenye maelezo. Ndipo akatazama namba chini ya picha ya Masatu na kamba yake: 2.58. Akasema hiyo ni saa tisa kasoro alasiri, na toka asubuhi mtu angeshafika Bunda na kula pilau.

Tangu siku ile nahangaika kuingiza kanda yote kwenye kompyuta. Inafuata namba zinazohesabu mwendo wa kanda, si zile za saa, na baada ya picha ya 2.58 inagoma, kwa sababu pale nilibadilisha betri na namba zikaanza upya kwenye sifuri. Nilisafisha kichwa cha kamera, nikarudisha kanda nyuma, wapi. Jana niliiambia kompyuta iache kufuata namba, nikacheza kipande hicho peke yake kwa mkono. Masatu bado ameshika kamba, na nyuma yake redio ya Wambura inatangaza saa tatu kamili asubuhi.

Sasa nikuambie lililo baya. Saa ya kamera niliitega mwenyewe, kama ninavyoitega saa ya mkononi aliyoniachia baba: saa mbili asubuhi naiweka kwenye mbili, kama tunavyotamka, badala ya nane ya Kizungu. Kosa nililijua mpelelezi akiwa bado anavaa kofia yake. Nikanyamaza, dada. Niliogopa ataniambia nimehongwa nibadili maneno. Masatu amelala mahabusu siku saba kwa woga wangu.

Kesho naipeleka kanda mahakamani, pamoja na saa ya baba. Huenda wakaniweka ndani mimi. Wito umeandikwa saa 3.00 tu. Nimeogopa kuuliza ni saa tatu ya nani. Nitakwenda asubuhi, nizisubiri zote mbili.

Nisalimie watoto, na uniombee.

Mdogo wako,
Abdulkadiri