Waya wa Tatu

Baba Watoto,

Sisi wazima, ila gari lako lilianza kumisi, linatetemeka kama lina homa. Fundi akasema kabureta. Kwake yeye kila ugonjwa ni kabureta. Nikaliwasha uani, nikachomoa nyaya za plagi moja moja kama ulivyonifundisha: ukichomoa waya na mlio wa injini usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyokufa. Ikawa ya tatu. Nimeweka plagi mpya, gari limetulia.

Mimi ndiye sijatulia. Naosha vyombo vilivyooshwa, nafagia palipofagiliwa. Mwezi wa nane huu hupo, na mlio wa nyumba haujabadilika. Watoto hawakuulizii. Juzi hata mimi nilisahau kukusubiri.

Mkeo, mpaka leo.