Skripti ya Mchumba Wangu Ilizima Kengele, Muuguzi Akasimamishwa Kazi

Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie upesi maana kamati ya nidhamu inakaa Ijumaa nami sijui nitasema au nitanyamaza. Nahudumia kompyuta za zahanati moja huku Urambo, na mchumba wangu Ghalibu ndiye aliyetuandikia skripti, yaani programu fupi, inayozima kengele ya friji ya chanjo wakati kumbukumbu za joto zinanakiliwa, ikimaliza inaiwasha tena, sasa juzi umeme ulikatika katikati ya kazi, mashine iliyobaki kwenye betri ikaanza kujizima, skripti ikapokea ishara ya TERM, ile ya kuiamuru ikome, ikafa palepale, kengele ikabaki imezimwa, friji ikapata joto bila mtu kujua, chanjo zote zikaharibika, akina mama waliokuja na watoto mgongoni wakarudishwa, na muuguzi Apolinaria akasimamishwa kazi eti ndiye aliyeizima kengele. Nimejaribu mwenyewe: kwenye laptop ya Ghalibu, ambako skripti inaendeshwa na sheli iitwayo bash, kengele inawaka tena, kwenye mashine ya zahanati, yenye sheli ya dash, haiwaki. Nilipomwambia akasema, "Kwangu inafanya kazi. Ukienda kusema, harusi hakuna." Jana Apolinaria alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hata wewe unaamini ni mimi?" Nikasingizia kazi, nikaondoka. Nampenda Ghalibu. Nifanyeje?

Haifa, Urambo

Marahaba, Haifa. Pole, ila umenikera. Mama wa watu anakuuliza, jibu unalo, unamkimbia?

Ghalibu aliitegemea trap ya EXIT peke yake, yaani amri ya kuwasha kengele skripti inapoisha. Bash huitekeleza hata skripti ikiuawa kwa ishara. Dash haifanyi hivyo. Iache EXIT ilipo, kisha weka trap ya TERM yenye exit 143, ya INT (mtu akibonyeza Ctrl-C) yenye exit 130, na ya HUP (dirisha la amri likifungwa) yenye exit 129, ili zote zipitie EXIT. Andika TERM, si SIGTERM. Sheli nyingine hazilitambui jina hilo refu. Na ishara ya KILL, inayoua papo hapo, haizuiliki kwa trap yoyote, kwa hiyo kengele ipangwe ijiwashe yenyewe baada ya muda, skripti iwe hai au imekufa. Tena jaribu kwenye mashine ya zahanati, siyo laptop ya mtu!

Usingoje Ijumaa. Mwite mganga mfawidhi leo, izime skripti mbele yake ikiwa kazini, aone kengele haiwaki tena. Mwanaume anayekutisha kwa harusi ili mwingine abebe kosa lake amekuonyesha ndoa itakavyokuwa.

Nyongeza: gazeti lingechelewa kumfikia, nikampigia Haifa simu kumpa jibu hili. Ameshamwonyesha mganga mfawidhi. Apolinaria amerudi kazini. Ghalibu amekuja na mjomba wake kuomba radhi; Haifa amewapa chai, pete ya uchumba hajaivaa tena.